Niliingia bila barua, nikatoka na barua

Mwezi wa tano mwaka 2024 nilishindwa kunyanyua mkono kwa takbira. Ilikuwa alfajiri, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, nimesimama juu ya mswala. Mkono wa kulia ulipanda mpaka usawa wa bega kama siku zote. Wa kushoto ukagota njiani, karibu na kifua. Nikaulazimisha, na maumivu yaliyonipata yalinikalisha chini. Sala ile niliimaliza nikiwa nimeketi, machozi yananitoka. Mume wangu aliporudi kutoka msikitini alidhani nimeletewa habari ya msiba.

Bega lilikuwa limeanza kuuma tangu Februari. Mimi ni fundi cherehani, na mwaka ule Ramadhani iliingia Machi. Fundi yeyote wa mji huu anajua kwamba miezi miwili ya kabla ya Idi hakuna kulala: kanzu, madera, magauni ya watoto, nguo za mtu na mdogo wake za kitambaa kimoja. Nikajiambia ni uchovu, Idi ikipita litatulia. Idi ikapita, bega likazidi. Likaanza kuninyang'anya jambo moja baada ya jingine. Kwanza kuanika nguo kwenye kamba, kisha kufunga sidiria, kisha kufikisha dodoki mgongoni, kisha hata kujifunga ushungi nikawa namwita binti yangu. Baiskeli niliiegesha kwa sababu kushika usukani tu kulitosha kunitoa jasho. Na usiku ndio ulikuwa mtihani wenyewe. Saa nane, saa tisa, niko macho, nimeupakata mkono kama mtoto mgonjwa, sijui niuweke wapi.

Nilianza kwa kukandwa. Kuna bibi mtaa wa pili, mikono yake ndiyo iliyonikanda nilipojifungua watoto wangu wote watatu, na namheshimu mpaka leo. Alitia mafuta ya nazi yenye karafuu, akalikanda bega taratibu, nikapata nafuu ya siku mbili. Siku ya tatu akasema mshipa umekaza, hauna budi kuvutwa. Akaushika mkono na kuupandisha kwa nguvu. Ukelele nilioupiga uliwatoa majirani nje. Wiki mbili baada ya hapo sikuweza hata kusukuma kitambaa chini ya sindano. Simlaumu bibi yangu. Hakuwa na njia ya kujua kilichokuwa ndani ya bega, na mimi sikumwambia limeuma kwa muda gani.

Kisha nikaenda kituo cha afya. Nilikaa foleni tangu saa moja asubuhi, nikaonwa saa saba mchana, kwa dakika kama nne hivi. Nilipigwa picha ya eksirei, nikaambiwa mfupa mzima, nikapewa vidonge vya maumivu vya diklofenaki na dawa ya kuchua ya tyubu. Nikauliza kama hakuna mazoezi ya kunisaidia. Nikajibiwa kwamba mazoezi yapo hospitali kubwa, na huko haendi mtu bila barua ya rufaa, na barua haiandikwi kwa bega lisilovunjika. Nikashukuru, nikaondoka. Dawa zilipokwisha nikanunua nyingine dukani, na hizo zilipokwisha nikanunua tena. Wiki sita nilimeza diklofenaki na hakuna aliyeniuliza tumbo langu lina hali gani, wala figo, wala presha.

Nieleze kwa nini sikubisha. Nimekulia Muheza, na ngazi ya matibabu niliijua kabla sijajua kusoma saa: zahanati ya kijiji, ikishindwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, kisha ya kanda, na juu kabisa Muhimbili. Kila ngazi ina mlango na kila mlango una karatasi. Marehemu baba yangu alipandishwa ngazi hizo kwa karatasi moja baada ya nyingine, na zilimwongezea miaka. Kwa hiyo siudharau utaratibu huo hata kidogo. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba kila mtu aliyevaa koti jeupe yuko nyuma ya mlango wa namna hiyo, hata yule ambaye kazi yake ni kukufundisha kuutumia mkono wako tena.

Aliyenitoa kwenye dhana hiyo ni mdogo wangu wa kike, aliyeolewa Marekani, jimbo la California. Hunipigia simu kila Ijumaa. Siku hiyo alinisikia ninavyoguna nikihamisha simu kutoka sikio moja kwenda jingine, akanibana mpaka nikamwambia yote. Akaniuliza, "Dada, kwa nini huendi kwa mtu wa fiziotherapia, wa tiba ya mazoezi?" Nikamwambia sina barua. Akasema, "Barua ya nini?"

Yeye mwenyewe mwaka mmoja nyuma aliumwa goti, akapiga simu kliniki ya fiziotherapia, akapewa nafasi wiki ileile bila kupita kwa daktari. Alinieleza kwamba kwao majimbo yote 50 yanamruhusu mgonjwa kwenda moja kwa moja kwa namna fulani, na hali hiyo imekamilika tangu mwaka 2015; Nebraska ilitangulia mno, tangu 1957. Lakini si kila mahali mlango umefunguliwa kwa upana mmoja. Kwake California mtaalamu anaweza kukutibu siku 45 au mara 12, kinachotangulia kufika, na baada ya hapo lazima daktari akuone na kuuidhinisha mpango wa matibabu. New York ni siku 30 au mara 10. Akaniongezea jambo ambalo baadaye lilinisaidia kuliko yote: sheria kukuruhusu kuingia si sawa na bima kukubali kulipa. Zipo bima ambazo bado zinataka karatasi ya daktari, na mgonjwa asiyeuliza mapema hujikuta na deni.

Nikamwambia, hayo ni ya kwenu, mimi niko Tanga. Akanijibu kwa neno moja: "Umeuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Miezi mitano ya maumivu, na hakuna mahali hata pamoja nilipouliza kama wananipokea bila barua. Nilikuwa nimeambiwa na mtu mmoja kuhusu hospitali moja, nami nikafanya neno lake kuwa sheria ya nchi nzima.

Kesho yake nikaanza kuuliza wateja. Fundi huonana na kila aina ya mtu. Mteja wangu mmoja, muuguzi, aliniambia kuna kliniki ndogo ya fiziotherapia upande wa Chumbageni, na kwamba watu huenda wenyewe. Nilikwenda. Nilifika mlangoni nikarudi. Siku ya pili nikafika tena, nikasimama chini ya mwarobaini ng'ambo ya barabara, nikiona aibu ya kurudishwa mbele za watu kama mtoto aliyekwenda shule bila ada. Siku ya tatu nikaingia.

Binti aliyenipokea umri wake ni kama wa binti yangu mkubwa. "Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba mwanangu. Lakini mimi sina barua."

"Keti kwanza mama, tuzungumze."

Mdogo wangu alikuwa ameniusia niulize mambo matatu kabla ya kutoa hata senti: amesomea wapi, leseni yake iko wapi, na atafanya nini akiona tatizo si lake. Nikauliza, kwa haya lakini nikauliza. Hakukasirika. Alisomea chuo cha KCMC, Moshi. Leseni ilikuwa ukutani, akanionesha jina na tarehe. La tatu alilijibu hivi: "Mimi si daktari mama, ni mtaalamu wa fiziotherapia. Yapo ninayoyaweza na yapo ya daktari. Nikiona la daktari nitakuandikia barua mimi mwenyewe."

Kisha akaniuliza maswali kwa muda wa karibu dakika arobaini kabla hajanigusa. Sijapata kuulizwa hivyo maishani mwangu. Lilianza lini, lilianza ghafla au polepole, nilianguka, nililalia mkono vibaya, linauma wapi hasa, maumivu yanashuka mpaka vidoleni au yanaishia kwenye kiwiko. Kuna ganzi? Nina homa? Nimewahi kuwa na uvimbe kwenye titi? Kisha akaniuliza kama nikitembea haraka au nikibeba ndoo napata kubanwa kifua, kukosa pumzi, kutokwa jasho la baridi. Nikamuuliza kifua kinahusianaje na bega. Akasema maumivu ya moyo mara nyingine hujitokeza kwenye bega na mkono wa kushoto, na hawezi kunyoosha bega ambalo mwenye kuuma ni moyo. Aliuliza dawa ninazomeza. Nilipomwambia wiki sita za diklofenaki akaacha kuandika, akaniangalia, akauliza kama choo changu kimewahi kuwa cheusi, dalili ya tumbo kuvuja damu.

Halafu akauliza habari za usiku. Naamka mara ngapi? Mara tatu, nikamwambia, kwa sababu ya bega. Na ukiamka unakwenda choo? Ninakwenda, maana nimeshaamka. Na maji? Nina jagi kando ya kitanda. Umepungua? Hapo nikacheka kwa furaha, nikamwambia ndiyo, tangu mwaka jana nimeyapunguza magauni yangu mwenyewe inchi mbili na nusu kiunoni. Hakucheka nami. Akauliza kama nyumbani kwetu kuna mwenye kisukari. Mama yangu alikuwa nacho, na shangazi zangu wawili.

Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya bega, na ukweli ni kwamba mwili ulikuwa umeniambia mwaka mzima, nami kwa mikono yangu mwenyewe nilikuwa nikiukunja ushahidi na kuushonea ndani ya pindo.

Ndipo akapima. Ana kipimo cha plastiki chenye mikono miwili kinachosoma pembe, kama kile wanafunzi hutumia kwenye jometri ila kirefu. Mkono wa kulia kwenda mbele na juu ulifika nyuzi 170. Wa kushoto 85. Kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, mkono wa kulia ulifunguka kwenda nje nyuzi 65, wa kushoto 8. Kisha akaniambia nilegee, akausogeza yeye, na ukagota palepale. Hiyo ndiyo ilimpa jibu. Angeweza kuupeleka yeye mahali nisipoweza kuupeleka mimi, tatizo lingekuwa kwenye misuli na kano. Unapokataa kwa wote wawili, tena hasa kufunguka kwenda nje, kilichokaza ni kile kifuko chenyewe kinachokizunguka kiungo. Kinavimba, kinakuwa kinene, kinasinyaa kama kitambaa cha pamba kilichofuliwa kwa maji ya moto. Eksirei haikioni, kwa hiyo aliyeniambia mfupa mzima alisema kweli.

Bega lililoganda, ndivyo alivyoliita. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wengine wote. Lina vipindi vyake: kipindi cha kuuma, kipindi cha kukaza, na kipindi cha kulegea, na vyote pamoja huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Hakunificha hilo. Akasema hawezi kunipa bega jipya kwa wiki mbili, na nikimsikia mtu anayeahidi hivyo niende zangu. Na katika kipindi cha kuuma, kuulazimisha mkono huzidisha uvimbe. Nikamkumbuka bibi yangu.

Siku hiyo alinifundisha zoezi moja tu na jinsi ya kuulaza mkono juu ya mto usiku. Kisha akaketi, akaandika barua. Ukurasa mmoja. Aliandika nyuzi zote alizopima, akaandika kukojoa usiku, kiu, kupungua uzito, mama mwenye kisukari, akaandika diklofenaki wiki sita, akaomba nipimwe sukari kabla ya kula, presha na figo, na akaomba maoni ya daktari kuhusu sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, begani. Akanisomea yote kwa sauti ili nijue nimebeba nini. Nilimlipa Sh 20,000. Kwa hesabu zangu ni kushona gauni moja la kawaida.

Kesho yake nikaenda hospitali na ile barua. Daktari aliisoma mara mbili. Sitasema foleni ilikuwa fupi, ila mle ndani mambo yalikwenda vingine, kwa sababu sikuwa tena mama mwenye bega bali mama mwenye swali lililoandikwa vizuri. Sukari kabla ya kula ilikuwa 11.4. Wakarudia siku nyingine, 10.9. Kuanzia 7 ni kisukari. Nikaanzishiwa metformini, dawa ya kushusha sukari, nikafundishwa kula, diklofenaki ikasimamishwa. Kuhusu sindano, daktari alisema steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa, basi kwanza tuishushe. Wakaongea kwa simu, yeye na yule binti wa Chumbageni, mbele yangu. Sindano nilichomwa wiki ya tano, na usiku wa tatu baada yake nililala mpaka adhana.

Habari ya malipo niieleze maana wengi huniuliza. Mimi ni mtegemezi kwenye bima ya binti yangu. Nilipopiga simu kuuliza, niliambiwa fiziotherapia inalipiwa ikiwa daktari ameandika. Mara tatu za mwanzo nililipa mfukoni, Sh 60,000 jumla. Baadaye daktari aliandika mpango wa mazoezi, na kuanzia hapo kadi ikafanya kazi. Wengine wameniambia ningeanza kwa daktari ili nisitoe kitu. Labda. Lakini kwa njia hiyo nilikuwa nimeshaanza kule kituo cha afya, na nilirudi na diklofenaki tu.

Sasa mazoezi. Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wengi huachia njiani, kwa sababu kwenye kliniki unakaa nusu saa kwa wiki na saa zilizobaki zote uko na mkono wako nyumbani. La kwanza: inama, mkono wa kulia umeshika meza, wa kushoto uning'inie kama ndoo kwenye kamba ya kisima, uuache uyumbe mbele na nyuma, kisha mduara mdogo. La pili: keti kwenye meza ya kukatia, weka kitambaa chini ya kiganja, kisukume mbele taratibu kama unayenyoosha mkunjo. Hilo nililipenda, nililifanya kila nikikata nguo. La tatu, kipindi cha kuuma kilipopita: shika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, viwiko ubavuni, mkono mzima uusukume mgonjwa kwenda nje. La nne: kanga. Kanga inapita juu ya bega la kulia, ncha yake inashikwa na mkono wa kushoto nyuma ya kiuno, wa kulia unaivuta juu. Kanga ile ninayo bado, imechakaa sehemu moja tu, pale penye kidole gumba.

Kanuni yake ya maumivu ilikuwa rahisi. Katika kumi, yasizidi nne wakati wa zoezi, na kesho asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakibaki juu, nimezidisha. Kabla ya kuanza, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, dakika kumi, na nijaribu joto kwanza kwa mkono mwingine kwa sababu mwenye kisukari anaweza kuungua asijue.

La mwisho lilikuwa la ukutani: vidole vinatambaa kwenda juu kama mjusi, vikigota unashikilia hapo. Nilichukua chaki yangu ya kukatia nguo, nikapiga mstari pale vilipogota, nikapima kutoka sakafuni. Inchi 51. Kila Ijumaa nilipiga mstari mpya na kuandika tarehe. 51, 51, 52, 52, 51. Mwezi mzima wa Agosti mistari ilikuwa inapandiana. Nilirudi Chumbageni nikilia, nikasema mwanangu, mimi sitapona. Akachukua kipimo chake, akanionesha kwamba kufunguka kwenda nje kumetoka nyuzi 8 kufika 20. Bega lilikuwa linalegea mahali ambapo ukuta wangu hauoni. Alinipa maneno hayo kwa nambari, sio kwa pole, na nambari ndizo zilizonirudisha nyumbani kwenye kanga na ufagio.

Futi yangu ya ushonaji ina inchi 60. Mwisho wa Oktoba nilipiga mstari, nikaiweka futi sakafuni, nikainyoosha, na haikufika. Nilisimama pale nimeishika, ncha ya chuma iko chini ya mstari wa chaki. Nikamwita mume wangu aje aone.

Katika miezi ile nilimpeleka jirani yetu mmoja, kijana anayebeba samaki kwenye soko la Deep Sea. Mgongo ulimuuma miezi mitatu, na kila mtu alisema ni mizigo. Aliponiona napona akaomba nimpeleke. Yule binti akamuuliza kama alivyoniuliza mimi. Homa za jioni zilikuwepo. Jasho la usiku la kulowesha shuka, lilikuwepo. Suruali inamvuka. Maumivu hayampungukii hata akilala. Akamgonga kwa vidole kwenye uti wa mgongo, na mahali pamoja kijana akaruka. Akampima nguvu za miguu, akakuta mmoja umepungua. Hakumfanyisha zoezi hata moja. Hakumtoza fedha. Aliandika barua na kumwambia aende hospitali leo hii, si kesho, na njiani mkojo ukigoma au sehemu za siri zikifa ganzi aseme mara tu afikapo. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini, na kijana yule sasa anatembea wima, ingawa mizigo ameacha.

Kila nikisikia watu wakibishana kama ni salama mtu kwenda kwa fiziotherapia bila daktari, namfikiria kijana yule. Aliyekuwa ameonwa na kupewa dawa za maumivu mara mbili kabla ya hapo ni yeye. Mimi naamini kinachomlinda mgonjwa ni kuulizwa vizuri na mtu anayejua mwisho wa kazi yake ulipo, na mtu huyo anaweza kuwa mlango wowote kati ya hiyo milango. Asiyeuliza ni hatari hata kama umefika kwake na barua tatu. Ila wapo wasiostahili kuanzia huko kabisa: aliyeanguka na kiungo kimekaa upande, mwenye kifua kinachobana, aliyepooza ghafla uso au mkono, mwenye kiungo chekundu cha moto na homa. Hao ni hospitali, na haraka.

Bega la kushoto sasa linafika inchi 76. La kulia ni 78. Takbira naipiga kwa mikono miwili, ushungi najifunga mwenyewe, na baiskeli nimeirudia tangu Februari iliyofuata. Sukari ya wiki iliyopita ilikuwa 6.8.

Mwezi uliopita bega la kulia lilianza kuuma usiku. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba kwa mwenye kisukari la pili huweza kufuata. Siku ya nne nilikuwa Chumbageni, kwenye benchi lilelile. Akapima. Kwenda juu nyuzi 168, kufunguka nje 60. "Bado halijaganda mama. Tuliangalie wiki tatu." Nimeandika 60 kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, na Ijumaa hii nakwenda kupima tena.